Tuliikarabati nyumba ya Mama, akapotea ndani yake

Mama alikaa na mtoto wa jicho kwa miaka mingi, macho yote mawili, na sisi wanawe hatukujua. Tungejuaje? Tukienda kijijini alitoka kutupokea mwenyewe. Alivuka kizingiti, akashuka vidato viwili vya mlangoni bila kushika kitu, akatuita mmoja mmoja kwa jina kabla hatujafungua mdomo. Ndani alichota maji kwenye pipa la kona, akatoa vikombe kabatini, akavipanga mezani hata kimoja kisigongane na mwenzake. Mtu wa miaka 79 anayefanya hayo, nani atamfikiria macho? Tulisema tu Mungu amemjalia.

Aliyemfichua ni nyumba yangu. Alikuja mjini kwangu akae siku mbili, na saa moja haijaisha alikuwa ameshagonga meza kwa paja, amemwaga maji pembeni ya kikombe, na amelisalimia koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango. Alilisalimia kwa heshima zote, akangoja lijibu. Tulicheka, naye akacheka. Kisha akanyoosha mkono kutafuta kiti, mkono ukapapasa hewani upande ambao kiti hakipo, na mimi nikaacha kucheka.

Daktari alipommulika alishangaa. Jicho moja lilikuwa linatofautisha mwanga na giza, basi. La pili lilikuwa na nafuu kidogo. Akauliza mama anaishi na nani. Nikasema peke yake. Akaniangalia kwa namna ambayo bado sijaisahau, kisha akamgeukia yeye: "Mama, nyumbani unatembeaje?"

"Kwangu napajua, daktari."

Nililisikia jibu hilo kama ukaidi wa kizee. Ilinichukua miezi kadhaa na mfupa mmoja uliovunjika kuelewa kwamba alikuwa anajibu swali aliloulizwa, tena kwa usahihi.

Upasuaji wenyewe haukuwa na mambo. Wanatoa lenzi iliyofanya ukungu, wanaweka ya bandia, jicho moja kwanza na la pili baadaye. Kwa kuwa ilibidi asubiri katikati, akakaa kwangu karibu miezi miwili. Alipofunguliwa bandeji la kwanza aliona rangi ya buluu kuliko rangi zote, akawa anaitaja kila aendapo kama mtoto. Kisha akajitazama mikono, akaigeuza huku na huku, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi na hamkuniambia."

Ndani ya miezi hiyo miwili mimi na kaka yangu tukafanya jambo la upendo. Nalitaja hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wengi wanaofanya kosa kama letu wanalifanya kwa moyo huohuo. Tuliamua akirudi akute nyumba mpya. Sakafu iliyokuwa imechimbika tukaisawazisha. Kitanda tukakihamisha kutoka ukuta wa ndani tukakiweka chini ya dirisha apate hewa. Pipa la kona tukalitoa nje, kabati la vyombo tukalibadilisha na jipya lenye milango ya kusukuma. Taa tukaweka kila chumba. Benchi kuukuu lililokuwa kati ya chumba chake na mlango wa nyuma tukampa fundi achukue mbao. Na kile kizingiti cha mlango wa nyuma, kipande cha mti kilichoinuka karibu kiganja kizima kutoka sakafuni, tukaking'oa. Hili la mwisho nililipigania mimi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba vizingiti huwaangusha wazee.

Tulimrudisha siku ya Jumamosi. Alisimama sebuleni, akazungusha macho yake mapya, akagusa ukuta kwa ncha za vidole. Akashukuru. Akatubariki mmoja mmoja. Akakaa kwenye kiti tulichomwonyesha, mikono juu ya magoti, kama mgeni anayesubiri mwenyeji atoke chumbani. Baada ya muda akasema, "Nyumba ni nzuri sana, wanangu. Haya, sasa nipelekeni kwangu."

Tukacheka tena. Naona aibu jinsi tulivyokuwa tunacheka.

Usiku wa pili alianguka. Aliamka gizani aende nje kama alivyoenda usiku wote wa maisha yake ya ndoa na ya ujane. Taa hakuwasha, maana mkono wake haukuwa na kawaida ya kutafuta swichi. Alipofika mlango wa nyuma, aliniambia baadaye, aliinua mguu kuvuka kizingiti. Mguu ukapanda, ukavuka, ukashuka kutafuta upande wa pili, na ardhi ikaja mapema kuliko alivyoitegemea. Unajua jinsi mtu anavyoshtuka anapodhani kuna ngazi moja zaidi na ngazi zimeisha? Ndivyo. Akapepesuka, akanyoosha mkono wa kushoto kushika benchi. Benchi lilikuwa limeshageuka mbao za mtu mwingine. Akaangukia mkono, ukavunjika juu kidogo ya kifundo.

Alipokuwa haoni, miaka yote ile, hakuanguka hata mara moja. Tulimpa macho, tukamwondolea nyumba, akaanguka ndani ya siku mbili.

Kuanguka si jambo dogo kwa umri ule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi zaidi kati yao ni waliovuka miaka 60. Kwa hiyo sikuwa mjinga kabisa kuogopa kizingiti. Nilichokosea ni kudhani hatari iko kwenye kitu, kwamba ukikitoa kitu umeitoa hatari. Kizingiti kile kingeniangusha mimi, mgeni. Kwake kilikuwa alama: mguu wa kulia ukikigusa kwa kidole gumba, ujue umefika mlangoni, mwimo uko kushoto, vidato viwili viko mbele.

Siku zile mkono ukiwa kwenye plasta nilisoma sana, nusu kutafuta elimu na nusu kutafuta wa kunisamehe. Nikakutana na mwanajiografia Graham Rowles, aliyefuatilia kwa karibu maisha ya wazee wa jamii moja ya vijijini huko Appalachia, Marekani. Katika andiko lake la mwaka 1983 anasema mzee huwa "ndani" ya mahali kwa namna tatu: kwa mwili wake, kwa watu wake, na kwa maisha aliyoyaishi hapo. Ile ya kwanza, ya mwili, niliisoma mara tatu. Mwili unapajua mahali kwa kurudia, mpaka hauhitaji tena kufikiri wala kutazama. Alichokuwa akisema Rowles kwa kurasa nyingi, Mama alikuwa amekwisha kumwambia daktari kwa maneno matatu.

Watafiti wengine wawili, Powell Lawton na Lucille Nahemow, walikuwa wameeleza tangu 1973 kwamba kadiri uwezo wa mtu unavyopungua ndivyo mazingira yanavyozidi kumtawala. Kijana ukimhamishia kitanda analalamika asubuhi moja. Mzee umemhamishia dunia. Nilipoyasoma haya nilimpigia kaka simu nikamsomea. Akanyamaza, kisha akauliza, "Yule fundi mbao amezitumia?"

Mbao zilikuwa zimekwisha tumika.

Aliyetuokoa ni muuguzi aliyekuwa akija kumwangalia mkono. Alituambia tusibadilishe kitu tena kwa akili zetu. Tumwombe Mama atembee nyumba yote taratibu akiwa amefumba macho, mmoja wetu akiwa ubavuni kumdaka, na tuangalie mikono yake, si miguu. Nikachukua daftari.

Ningependa kila mwenye mzazi kijijini aone kile nilichokiona siku ile. Mama alifumba macho, akasimama pale kilipokuwa kitanda chake cha zamani, akaanza. Hatua nne, mkono wa kushoto ukatoka kwenye nguo, ukafika usawa wa kiuno, ukakunja vidole kushika kitu. Hakuna kitu. Hapo ndipo lilipoanzia benchi. Hatua mbili zaidi, mkono uleule ukateleza juu ya mgongo wa benchi ambalo halipo, taratibu, kwa urefu wake wote, ukaachia mwisho wake. Kisha mkono wa kulia ukapanda kwenye mwimo wa mlango, mahali pamoja, chini kidogo ya bega. Nikasogea kupatazama. Fundi alikuwa amebadilisha mlango lakini mwimo ule aliuacha, akaupaka tu rangi, na chini ya rangi mpya mbao ilikuwa imebonyea. Ilibonyea kwa umbo la kiganja chake, laini kama mpini wa jembe la zamani. Nimekulia nyumba ile na sikuwahi kuiona.

Nikaandika kwenye daftari sehemu kumi na moja ambazo mkono wake ulikwenda kushika na haukukuta.

Hatukurudisha kila kitu, na sisemi kila kitu kilistahili kurudi. Sakafu iliyosawazishwa ilibaki, akaizoea. Taa zilibaki. Bafuni tuliongeza bomba la kushikia, analisema vibaya na analitumia kila siku. Kitanda kilirudi ukutani na pipa likarudi konani. Benchi jipya lilitengenezwa kwa urefu uleule na kuwekwa palepale, naye akalikagua kwa mkono akasema mgongo ni mnene mno, likapunguzwa. Kuhusu kizingiti tulibishana. Muuguzi hakutaka kirudi. Alisema wageni wataanguka, na yeye mwenyewe siku miguu ikidhoofika zaidi hataweza kukiinulia. Mama alisema anakitaka. Tukakirudisha, na kaka akafunga mshikio kwenye mwimo, kando ya lile bonyeo. Mpaka leo sina hakika kama tulifanya sawa. Ila mwenye mguu ndiye aliyesema, na safari hii tulimsikiliza.

Kiswahili kinatenganisha nyumba na nyumbani kwa silabi moja, na mimi nimeongea lugha hii tangu nizaliwe bila kuisikia silabi hiyo.

Wakati mkono unapona nilimrudisha kwangu kwa wiki sita, na hapo nikaanza kuona ile namna ya pili ya Rowles, ya watu. Asubuhi ya kwanza aliniuliza juu yetu anakaa nani. Nikasema sijui. Miaka saba naishi pale. Akauliza yule anayekohoa usiku ni mgonjwa? Nikasema sijamsikia. Akanitazama kama nimemwambia sijui jina la baba yangu. Kijijini anajua nani amepita njiani kwa kishindo cha kandambili, anajua nani kagombana na nani kwa jinsi mlango ulivyofungwa. Nao wanamjua. Dirisha lake la mbele hulifungua alfajiri. Likichelewa, jirani wa ng'ambo hutuma mtoto aulize. Hakuna aliyeupanga utaratibu huo wala hakuna kikao kilichoujadili, ila ni ulinzi ambao mimi mjini nikiutaka nitaulipia na bado sitaupata ulio hai namna hiyo.

Lakini lazima niseme na hili, maana nawasikia watu wakiimba sifa za kijiji wakiwa wamekaa mbali nacho. Ulinzi huo unapungua. Nilipokuwa mtoto, ukisimama mlangoni kwetu usiku ungeona mwanga wa nyumba kumi na moja. Sasa nahesabu minne, na mmoja ni wa mzee mgonjwa. Vijana wameondoka kwa sababu zilezile zilizoniondoa mimi, na siwezi kuwalaumu bila kujilaumu. Mwenye kutuma mtoto kuulizia dirisha sharti awe na mtoto wa kutuma. Nyumbani kwa Mama panazeeka naye.

Na kuna ambao hawataki kubaki. Hili nilifundishwa na mzee wa nyumba ya chini yetu, miaka 84, mjane wa muda mrefu. Wanawe wakija husema kwa fahari, "Mzee hapa humng'oi, anapapenda kwake." Nami nilikuwa nasema hivyohivyo, hata nilimtumia kama mfano wa kumtetea Mama. Siku moja nimempelekea dawa zake, nikamwambia, "Mzee, wewe na Mama mmefanana, hapa hamtoki." Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Nani kakuambia sitoki?"

Nikakosa la kusema.

"Mimi nataka kukaa karibu na hospitali. Nataka kukaa mahali usiku nikiita mtu anasikia. Wamesema napapenda, basi. Hakuna aliyeniuliza. Wewe umeniuliza leo, na hukuuliza, umesema."

Nyumba yake ile ndiyo alimouguzia mkewe na akafia humo. Kila kona anayoigusa inamrudisha kwenye miezi ile. Nilikuwa nimedhani kumbukumbu za mahali ni utajiri kwa kila mtu. Kwake ni deni linalodaiwa kila jioni. Na wapo kina mama ambao ndani ya kuta walizozeekea walipigwa miaka thelathini, halafu leo tunawaambia hapa ndipo pako, bibi, pumzika.

Kwa hiyo ninaposikia viongozi wa mahali popote wakisema wazee wa vijijini wanapendelea kuzeekea kwao, huwa nasubiri sentensi inayofuata. Isipotaja zahanati, barabara na mtu wa kuja kumwogesha mgonjwa, najua "kwao" imekuwa jina jingine la kuachwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa makazi yanayowafaa wazee, na ulikuwa mwongozo wa miji. Kanada ikaandaa wake kwa ajili ya vijiji na sehemu za mbali, kwa kuwa mambo hayafanani. Mjini unaongelea urefu wa ngazi za basi. Kijijini unaanza na kuuliza kama basi lipo. Sasa tumo ndani ya muongo ambao Umoja wa Mataifa umeutenga kwa ajili ya kuzeeka kwa afya, 2021 hadi 2030, na yule mzee wa miaka 84 bado anatembea kwa mkongojo kwenda kusubiri pikipiki ya mtu mwenye huruma.

Nilimpigia mwanawe mkubwa simu. Nilipima maneno, maana si baba yangu. Hakupenda. Alisema mimi nimemharibu mzee kwa maneno ya mjini. Baada ya miezi mitatu alikuja kumchukua, sijui ni kwa simu yangu au kwa nini. Taarifa ninazopata ni kwamba analala vizuri. Mwanga wa nyumba yake umepungua kwenye hesabu yangu, na Mama analifunga dirisha la upande ule mapema.

Ile namna ya tatu, ya maisha mtu aliyoyaishi, ndiyo niliyoielewa mwisho, na sina hakika nimeielewa. Nilikuwa nimemnunulia Mama kiti kizuri nikakiweka barazani kikitazama bonde, kwa kuwa ndipo penye mandhari. Kila nikirudi nakikuta kimegeuzwa, kinatazama nyuma ya nyumba, kwenye banda lililoanguka na kipande cha shamba ambacho hakilimwi tena. Nikakigeuza mara mbili. Mara ya tatu nikajifunza, nikauliza.

"Unaangalia nini huku, Mama?"

"Kazi."

"Kazi gani? Hakuna anayelima."

"Ile." Akaonyesha kwa kidevu. "Pale chini mawe tuliyatoa sisi, mimi na baba yako. Mwaka ulipozaliwa wewe nilikuwa siinami, nikawa nayasukuma kwa mguu."

Nikaangalia. Niliona magugu. Yeye aliendelea kuangalia kwa muda mrefu, tena kwa macho yaliyotengenezwa na daktari, macho yanayoona magugu kama mimi. Sikukigusa tena kile kiti.

Mwezi uliopita nilikwenda kulala kwake siku mbili. Usiku umeme ulikatika nikiwa jikoni naosha vyombo, na simu yangu nilikuwa nimeiacha chumbani. Giza la kijijini si la mjini, ni zito, unalihisi usoni. Nikaanza kusogea nikipapasa, nikagonga pipa, nikaegemea kabati likagongesha vyombo. Nikasikia benchi likilia kidogo, mkono ukiteleza juu ya mgongo wake, hatua fupifupi zisizo na haraka. Kisha vidole vyake vikanishika juu ya kiwiko, vidole vya mkono wake uleule uliovunjika.

"Unakwenda wapi mwanangu?"

"Nje mara moja."

"Haya, twende." Akatangulia. Tulipofika mlangoni akasimama, akaushika mkono wangu akaupandisha mpaka kwenye mwimo, kwenye lile bonyeo. "Shika hapo. Sasa inua mguu, kuna kizingiti."